Sekenke: machimbo hayakosi fundi, shule inakosa mwalimu

Mwaka 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wa Afrika Mashariki walikuwa wamebanwa. Waingereza walikuwa wakisukuma kutoka kaskazini, Wabelgiji kutoka magharibi, na meli za kwao zilifika pwani kwa nadra sana. Fedha ilipowaishia, waligeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha kupiga sarafu. Miongoni mwa zilizotoka humo ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15, upande mmoja tembo mwenye mlima nyuma yake, upande wa pili tai wa Kaiser. Dhahabu ilitoka Sekenke, mgodi uliokuwa umeanza kazi 1909 katika nchi ya Wanyiramba, leo Wilaya ya Iramba mkoani Singida. Leo sarafu hizo zinagombewa kwenye minada ya Ulaya na Marekani. Ukitaka kuishika moja mkononi, usihangaike kwenda Iramba.

Hadithi za namna hiyo Sekenke wameshazizoea. Kitu cha thamani kinapatikana, kinasafishwa, kinapakiwa. Kwa dhahabu hakuna anayeshangaa. Lakini barabara hiyohiyo inapitisha msafara mwingine usio na kelele, wa walimu, wauguzi, matabibu na maofisa ugani waliopangiwa kazi upande huu wa Mkoa wa Singida. Wengi wao, kabla hata mshahara wa kwanza haujaingia, wameshaanza kuulizia namna ya kuhama.

Abiria wa mabasi ya Shinyanga, Mwanza na Bukoba wanaijua Sekenke kama mlima. Ukitoka Singida mjini unapita Iguguno, unafika Misigiri penye njia panda ya kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, kisha barabara inaanza kujikunja na kushuka kwa kona kali hadi Shelui, ambako nchi inatandazika kuwa mbuga ya Wembere. Ng'ambo ya mbuga ni Igunga, mkoa wa Tabora. Zamani, kabla ya lami, mlima huu uliwatoa jasho madereva wa malori, na hata sasa lori lililojaa shehena linashuka kwa gia nzito huku utingo akiwa macho. Msafiri anaona mawe, anaona wauza kuku na vitunguu kando ya barabara, anaona mashamba ya alizeti, kisha analala. Machimbo yako pembeni, kuelekea ukingo wa mbuga.

Uchimbaji mkubwa wa wakoloni, wa Wajerumani kisha wa Waingereza, ulififia na kwisha. Wachimbaji wadogo hawakuondoka. Na ukitaka kujifunza jinsi eneo la pembezoni linavyovuta watu wenye ujuzi, anzia kwao, wala usianzie kwenye makabrasha ya wizara.

Ikitokea rashi, yaani jiwe limetema dhahabu na habari zimesambaa, hakuna tangazo la ajira linalotolewa. Ndani ya siku chache wanakuwapo mafundi wa kuchomelea, mafundi wa pampu na jenereta, wenye makarasha ya kusagia mawe, watu wanaojua kupanga matimba ili kuta za duara, yaani shimo la kuchimbia, zisiporomoke, wachenjuaji wanaojua kiasi cha maji na dawa kwa jicho tu. Wametoka Geita, Chunya, Kahama, Nzega. Wamejigharamia nauli. Wanalala kwenye maturubai, wanakula kwa mama lishe kwa mkopo, wanaoga maji ya kununua kwa dumu. Hakuna aliyewalipa posho ya mazingira magumu, na mazingira magumu kuliko hayo ni nadra kuyapata. Fundi pampu anayehitajika kwenye duara lenye maji hakai Dar es Salaam akisubiri barua. Anakuja, na kama mawe yanaendelea kutema, anakaa miaka. Wengine wanaoa hapohapo.

Kilomita chache kutoka hapo kuna shule ya msingi yenye mikondo iliyojaa na walimu wasiotosha. Kinachowatenganisha mwalimu na fundi pampu si moyo wa kizalendo, wala mwalimu hapendi starehe kuliko fundi. Fundi ana mgawo wake. Mifuko ya mawe inapotoka shimoni, kuna fungu la mwenye leseni, la mwenye duara na la waliofanya kazi, na kila mtu anajua lake kabla hajashuka. Ugumu wa mahali umeshahesabiwa ndani ya malipo. Mwalimu wa daraja lilelile analipwa mshahara uleule awe Shelui au Sinza, Dar es Salaam. Na wa Sinza anaweza kufundisha tuisheni jioni, kuendesha kaduka, kujiendeleza chuo huria mwishoni mwa wiki, kumpeleka mtoto hospitali kubwa kwa daladala. Kwa hiyo mshahara ulio sawa kwenye karatasi hauko sawa hata kidogo. Wa Shelui anaukatia nauli ya kila safari ya benki, ya kila fomu ya halmashauri, ya kila msiba wa kwao.

Machimbo yana ubaya mwingine usiosemwa sana. Fedha za dhahabu zinapandisha bei. Chumba kinachopangishwa kwa mchimbaji aliyepata juzi hakishuki bei kwa sababu mpangaji mpya ni nesi. Sukari, mkaa, nyama, vyote vinafuata mfuko wa mchimbaji. Mtumishi wa umma, ambaye kijiji cha wakulima watupu kingemwona mtu mwenye uwezo, hapa anageuka kuwa maskini wa mtaa. Haishangazi wengine wakishika chaki asubuhi na kushirikiana duara mchana, na wachache wakaiacha chaki kabisa.

Tumtazame basi anayeripoti. Tuseme ni binti wa miaka 25, muuguzi, kwao ni Marangu. Jina lake limetoka, amepangiwa Halmashauri ya Wilaya ya Iramba. Anashuka Misigiri, anachukua gari hadi Kiomboi, anakwenda masijala, anaonana na afisa utumishi, anaambiwa kituo chake ni zahanati iliyoko bondeni. Posho ya kujikimu itakuja. Kwa sasa bajeti haijakaa sawa. Anapanda bodaboda na begi lake na godoro lililokunjwa. Mtendaji wa kijiji anampokea vizuri, tena kwa heshima kubwa, maana kijijini kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Wanatafuta chumba. Kinapatikana nyuma ya baa, kwa sababu ndiyo nyumba yenye mlango wa chuma. Nyumba ya mtumishi ipo, lakini anaishi mwenzake mwenye watoto watatu, au haijamalizika, madirisha bado.

Usiku wa kwanza anaamshwa na mwanamke anayetaka kujifungua. Wa pili hivyohivyo. Zahanati inatakiwa kuwa na watu kadhaa. Wako wawili, na mmoja yuko semina. Hana wa kumuuliza anapokwama. Akikosea, kamati ya afya ya kijiji, diwani na mitandao ya kijamii vitamshukia yeye peke yake. Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa huyu mgeni methali hiyo imekuwa kweli tupu: wenyeji wanapona, mwenyewe anadhoofu. Ana mchumba anayefanya kazi Arusha. Mchumba hawezi kuja kwa sababu shughuli yake haipo Shelui. Hapo ndipo hesabu inapoanza. Serikali imekuwa ikiwaonya waajiriwa wapya wasiombe uhamisho kabla ya miaka mitatu. Basi wafunge ndoa mapema, cheti kipatikane, barua ya kumfuata mwenza iandikwe. Asipofaulu hapo atajiunga na makundi ya WhatsApp na Telegram ya kubadilishana vituo, ambako kila siku yuko aliyeko wilaya za mbali kama Iramba, Kakonko au Nanyumbu anayemtafuta aliyeko Moshi, Arusha au Kibaha. Yanafurahisha na yanahuzunisha makundi hayo. Soko zima la watu wanaotaka kuondoka, na karibu hakuna anayetaka kwenda.

Mtu akisema vijana wa siku hizi hawana uzalendo, ninamkumbusha tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Waandamanaji wale ndio wazee wetu wa leo, wengine waliotumikia nchi hii kwa uaminifu mkubwa. Hamu ya msomi kukaa panapowaka taa haikuzaliwa na simu janja.

Ila Nyerere alikuwa na jambo jingine kichwani, na hilo ndilo wengi wanaojadili uhaba wa wataalamu wanalirukaruka. Nchi hii iliamua kwa makusudi kumpeleka mtu mbali na kwao. Mnyakyusa akafundishe Mara, Mhaya akatibu Lindi, Mpare awe bwana shamba Singida. Shule za sekondari za bweni zilichanganya watoto hivyohivyo. Ulikuwa mpango wa kujenga taifa, na ulifaulu kuliko mipango yetu mingi. Nyumba nyingi za Kitanzania leo ni tunda la uhamisho. Mimi siwezi kuudharau. Lakini tukiri na gharama yake: mfumo unaompangia kila mtu ugenini unazalisha, kwa hesabu ya kawaida, watumishi ambao macho yao yako kwenye barabara ya kurudi. Miaka ya 1970 gharama hiyo ilifichwa na mambo mawili. Kwanza, mtumishi alipewa nyumba. Pili, hakukuwa na pengo kubwa kati ya maisha ya mwalimu wa Kiomboi na ya mwalimu wa Temeke. Wote walipanga foleni ya sukari.

Hilo la nyumba ninalitaja kwa uchungu kidogo. Mkoloni, pamoja na dhuluma zake, hakumtuma ofisa mahali bila kota. Serikali huru iliendelea hivyo kwa miaka mingi. Kisha, kuanzia 2002, nyumba za serikali ziliuzwa kwa maelfu, nyingi zikiwa mijini, na walionunua wengi walikuwa watumishi wenyewe. Mjadala wake haujaisha hadi leo, na si wa makala hii. Inatosha kusema kwamba tulipokuwa tukijadili nani kapata kiwanja gani Oysterbay, wazo lenyewe la kwamba kazi huja na nyumba lilikuwa likitutoka taratibu. Mipango ya elimu ya msingi, MMEM, na ya afya ya msingi, MMAM, ilijaribu kulirudisha kwa kujenga nyumba za walimu na za waganga vijijini. Taasisi ya Benjamin Mkapa, iliyoanzishwa 2006, ilipeleka wataalamu wa afya kwenye wilaya zilizo pembezoni na ikajenga nyumba za watumishi karibu na vituo. Palipo na nyumba yenye maji na umeme wa jua, mganga anakaa. Wakurugenzi wa halmashauri wanalijua hilo bila kuambiwa na mtafiti yeyote.

Sasa niingie kwenye jambo linalonishangaza zaidi kuhusu Iramba. Wilaya hii haijapungukiwa na viwanda vya wataalamu. Kinampanda kuna chuo cha ualimu, na mizizi yake iko kwenye kazi ya Walutheri wa Augustana, Wamarekani waliokuja kushika misheni za Wajerumani wa Leipzig baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kiomboi kuna chuo cha uuguzi, kwenye mji ambao hospitali yake ilijengwa na wamisionari haohao kabla ya kuwa ya serikali. Vizazi vya walimu na wauguzi vimepikwa hapa na kupakuliwa nchi nzima. Na si hao tu. Mwigulu Nchemba, mchumi mwenye shahada ya uzamivu aliyechaguliwa mbunge wa Iramba Magharibi mwaka 2010, aliishikilia Wizara ya Fedha ya nchi nzima kuanzia 2021 hadi 2025. Mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao milioni mbili hauna upungufu wa vichwa. Vichwa vyake viko kazini kwingine.

Wamisionari, kwa sababu zao na si kwa hisani tu, walifanya kitu ambacho serikali zilizofuata zilikiacha. Walimchukua kijana wa Kinyiramba mwenye akili, wakamfundisha kufunga vidonda, kisha kupima malaria, kisha kuzalisha, na wakamrudisha alikotoka. Hakuhitaji posho ya kuvumilia joto la Wembere. Alizaliwa nalo. Mama yake alikuwa pale, shamba lake la mtama lilikuwa pale, ng'ombe zake pia, na mgonjwa aliweza kumweleza tumbo linavyouma kwa Kinyiramba bila kumtafuta mkalimani. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Tanzania nzima ilifanya jambo la aina hiyo. Ili kutimiza elimu ya msingi kwa wote (UPE) ifikapo 1977, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa makumi ya maelfu, wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini huku wakiingia darasani. Walimu wa UPE tumewacheka sana. Hesabu zao zilikuwa za kubabaisha na Kiingereza chao tumekitungia vichekesho. Lakini walikaa. Kuna vijiji ambavyo mwalimu wa UPE alifundisha baba, mtoto na mjukuu, na siku ya mazishi yake shule ilifungwa.

Kilichotokea 2017 kinafaa kutazamwa kwa jicho hilo. Aprili mwaka huo Rais Magufuli alipokea ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Sheria ni sheria, na cheti cha kughushi hakitetewi, hasa cha anayeshika sindano. Walakini baadhi ya walioondolewa walikuwa ndio waliobaki kwenye vituo ambavyo wenye vyeti halali walivikimbia, na kwa baadhi ya zahanati kuondoka kwao kulimaanisha hakuna wa kufungua mlango asubuhi. Mwaka huohuo, Machi, serikali ilikubali kuipelekea Kenya madaktari 500 kuziba pengo la mgomo. Mahakama ya Kenya ikaweka pingamizi, na Rais akaamuru waombaji 258 waajiriwe hapa nyumbani. Ndivyo umma ulivyogundua kwamba tulikuwa na madaktari wanaokaa mtaani huku vituo vikilia. Walimu nao hadithi ni ileile. Mwanzoni mwa 2025 walipoanza kufanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, waombaji zaidi ya 200,000 waligombea nafasi zisizofika 15,000.

Kwa hiyo tusiseme tena kwamba hakuna wataalamu. Wapo. Tatizo ni nafasi zinavyofunguliwa na watu wanavyopangwa, na kinachowasubiri wakifika.

Wenzetu duniani wamejaribu dawa mbalimbali. Malawi ilipozidiwa, 2004, iliongeza asilimia 52 kwenye mishahara ya watumishi wa afya kwa fedha za wafadhili. Waliokuwa wakikimbilia ng'ambo walipungua, idadi ikapanda, lakini vijiji vya mbali viliendelea kuwa na pengo, kwa sababu nyongeza ilikuwa sawa mjini na shamba. Zambia, kuanzia 2003, iliwapa madaktari wa vijijini mikataba ya miaka mitatu yenye marupurupu, na hoja ikawa nini kitafuata mwaka wa nne. Fedha inamleta mtu. Kumweka ni habari nyingine.

Japani ilikwenda njia tofauti. Mwaka 1972 mikoa yake yote 47 iliungana kuanzisha Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi. Kila mkoa unachagua vijana wake wachache, unawasomesha, na wao wanarudi kuutumikia kwa miaka tisa, sehemu kubwa visiwani na milimani. Ukikatisha, unalipa ada yote. Japani ni tajiri, nitaambiwa. Sawa. Ingwavuma basi, kijiji cha KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kilichobanana na mipaka ya Eswatini na Msumbiji, si tajiri. Hospitali ya Mosvold iliyoko huko ilichoka kubembeleza madaktari wa mijini, na mwaka 1999 ikaanza kutafuta watoto wa vijiji vinavyoizunguka waliofaulu sayansi. Mtoto alitakiwa kwanza kujitolea hospitalini, aonekane, afanyiwe usaili na watu wa hapohapo. Akipata nafasi chuoni analipiwa, likizo anarudi kufanya kazi, akimaliza anatumikia mwaka kwa mwaka. Wengi walirudi, na wengi wao walibaki hata baada ya deni kwisha. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2010 iliyorudiwa 2021, liliweka jambo hilo miongoni mwa mapendekezo yake ya kwanza: chukua mwanafunzi aliyekulia kijijini.

Hata hivyo kuna onyo, na liko jirani. Kaskazini-mashariki mwa Kenya, kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ziliishi kwa walimu wa kutoka bara. Novemba 2014 magaidi walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakaua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Baada ya mauaji mengine mapema 2020, Tume ya Utumishi wa Walimu iliwahamisha walimu wasio wenyeji kwa wingi. Shule zikabaki bila walimu, kwa kuwa wenyeji wenye sifa walikuwa hawajaandaliwa wa kutosha. Anayetegemea wageni watupu anaweza kuwapoteza kwa wiki moja. Lakini pia anayesema wenyeji watupu, bila kuwekeza miaka kumi kabla, atakuwa anasema tu.

Ningekuwa na sauti Iramba, nisingedai wageni wazuiwe. Mwalimu mkuu wa sekondari, daktari bingwa, mhandisi wa maji, hao waendelee kuchanganywa. Nchi inafaidika na mtoto wa Shelui anafaidika kufundishwa na Mmakonde. Ila muuguzi wa zahanati na mwalimu wa darasa la kwanza ningeanza kuwatafuta kwa aliyezaliwa katika tarafa ya kituo au aliyeoa au kuolewa humo, na nafasi ikikosa mwenyeji ndipo itangazwe nje. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa mnufaika awe Muhimbili au bondeni Sekenke. Kwa nini mwaka mmoja wa utumishi pembezoni usifute sehemu ya deni? Gharama yake kwa serikali ni ndogo kuliko ya kumwajiri mtu, kumhamisha, kumlipa posho ya uhamisho, na kumwajiri mwingine. Tena posho ya mazingira magumu, inayozungumzwa bungeni bajeti hadi bajeti, ingeacha kuwa hoja ya kupigia makofi.

Na halmashauri zenyewe zisijifiche nyuma ya Dodoma. Sheria inazipa ushuru wa huduma unaotokana na mauzo, na dhahabu inayopita kwenye masoko ya madini inaandikwa siku hizi gramu kwa gramu, tofauti na enzi zile ilipokuwa ikisafiri kwenye soksi. Fedha hizo si nyingi kwa mgodi mdogo. Lakini hazishindwi kumalizia madirisha ya nyumba iliyosimama miaka mitano. Wachimbaji hawahitaji kuhubiriwa kuhusu hilo. Mchimbaji aliyeangukiwa na jiwe anajua zaidi ya mtu yeyote maana ya kuwa na tabibu anayeishi karibu na zahanati badala ya anayeishi Kiomboi na kuja kwa bodaboda.

Ipo habari moja ambayo haimo kwenye orodha ya ajira. Katika shule nyingi za msingi nchini, za Iramba zikiwamo, kuna walimu wa kujitolea. Ni vijana waliohitimu stashahada, hawajapata nafasi, wamerudi nyumbani, na wazazi wa wanafunzi wanawachangia fedha kidogo za sabuni kila mwezi, au debe la mahindi wakati wa mavuno. Wanafundisha darasa la kwanza na la pili, madarasa yaliyofurika kuliko yote. Wanajua mtoto yupi hali asubuhi na yupi baba yake yuko machimboni. Mwalimu wa namna hiyo hahitaji chumba nyuma ya baa, maana anaishi kwao. Ajira zikitangazwa ataomba kwenye mfumo kama wenzake 200,000, atakwenda kwenye usaili Singida mjini, na akibahatika kufaulu anaweza kupangiwa Kakonko. Shule yake itaandikia halmashauri barua ya kuomba mwalimu.